Jehanamu Kiganjani

Tarehe 13 Septemba 2017, katika matangazo yake ya magemu yatakayotoka kabla ya mwaka kwisha, kampuni ya Nintendo ilionyesha picha chache za Doom, gemu la kuwapiga mashetani risasi, likichezwa kwenye Switch. Waliozifahamu mashine hizi walipigwa na butwaa. Doom iliyotoka Mei 2016 ilikuwa miongoni mwa magemu yaliyozikamua PlayStation 4 na Xbox One kwelikweli, na Switch ilikuwa kibao chembamba chenye kioo cha inchi 6.2, kinachoendeshwa kwa betri na kupozwa na feni ndogo. Wengi walidhani wangeletewa gemu jingine dogo lenye jina lile lile, kama walivyozoea kwa miaka mingi. Tarehe 10 Novemba gemu likaingia madukani, nalo lilikuwa lile lile lenyewe: ramani zile zile, mashetani wale wale kwa idadi ile ile, na damu nyekundu.

Aliyetaka kujua liliwezekanaje alipaswa kurudi nyuma robo karne, kwa sababu Doom ilianza kubanwa ndani ya mashine ndogo hata kabla haijazaliwa.

Mwaka 1993 id Software ilikuwa kampuni ya vijana wachache katika mji wa Mesquite, pembezoni mwa Dallas, jimbo la Texas. Wakati wanaitengeneza Doom, waliingiliwa na kazi ya pembeni: gemu lao la awali, Wolfenstein 3D, lilikuwa limeahidiwa kwa mashine ya Super Nintendo, na ahadi ilikuwa imefika siku zake. John Carmack, aliyekuwa mwandishi mkuu wa programu zao, akakuta kwamba njia aliyoitumia kwenye kompyuta ni nzito mno kwa prosesa ya Super Nintendo. Mashine haikuweza kuikokotoa kila safu ya picha kwa namna ile na bado gemu likatembea.

Suluhisho alilipata katika maandishi ya kitaaluma. Henry Fuchs na wenzake wawili walikuwa wamechapisha mwaka 1980 njia ya kuikatakata ramani mapema, kabla mchezaji hajaigusa. Eneo zima hugawanywa mara mbili, kila nusu hugawanywa tena, na tena, mpaka unapatikana mti wa matawi. Mchezaji anapogeuka, mashine haihangaiki kuuliza kila ukuta uko umbali gani. Inaufuata mti tu, na kuta zinatoka zenyewe kwa mpangilio, wa karibu mbele, wa mbali nyuma. Pikseli iliyokwisha kupakwa ukuta haipakwi tena. Kazi ngumu imefanywa ofisini kwa watengenezaji, na mashine ya mchezaji inapokea jibu lililokwisha kuiva.

Njia hiyo iliiokoa Wolfenstein ya Super Nintendo. Kisha Carmack akaichukua na kuipeleka kwenye Doom, ikawa uti wa mgongo wake. Naomba msomaji asilipite jambo hili haraka. Gemu lililoitikisa dunia ya kompyuta lilipata nguvu yake kutokana na shida ya kuhamisha gemu kwenye mashine dhaifu. Anayedai kuwa uhamishaji ni kazi ya mikono tu, ya kuchukua kilichobuniwa na wengine na kukipunguza, ana hili la kujibu kwanza.

Doom ilitoka tarehe 10 Desemba 1993, ikapandishwa kwenye kompyuta ya Chuo Kikuu cha Wisconsin ili watu waichukue bure sehemu ya kwanza, na umati uliokuwa ukiisubiri ukaizidi nguvu mitambo ya chuo. Ilihitaji prosesa ya aina ya 386 na megabaiti 4 za kumbukumbu. Prosesa hiyo haikuwa na kipande maalumu cha kukokotoa desimali, hivyo Carmack alizifanya hesabu zote kwa namba nzima: nusu ya biti zilishika namba kamili, nusu zikashika sehemu yake. Uamuzi huo wa kubana matumizi ulikuja kuwa urithi mkubwa kwa kila aliyetaka kuihamisha Doom baadaye, kwa sababu mashine ndogo nyingi nazo hazikuwa na kipande hicho.

Uhamishaji ulianza mapema. Mwaka 1994 Carmack mwenyewe aliipeleka kwenye Jaguar ya Atari. Ramani zilirahisishwa, mashetani wawili wakubwa kuliko wote, Cyberdemon na Spider Mastermind, wakaachwa, na muziki ukanyamaza wakati wa mapambano kwa sababu chipu iliyopaswa kuupiga ilikuwa imekwisha kupewa kazi nyingine. Mwaka uliofuata Randy Linden aliifikisha kwenye Super Nintendo kwa njia iliyowashangaza hata watu wa fani. Hakuwa na msimbo wa id Software. Aliandika injini yake mwenyewe, akategemea chipu ya ziada iitwayo Super FX 2 iliyofungwa ndani ya kaseti. Sakafu na dari zilibaki rangi tupu bila michoro, dirisha la picha likawa dogo, na mwendo ukawa mzito. Hata hivyo ilikuwa Doom, tena kwenye mashine iliyoundwa miaka kadhaa kabla Doom haijafikiriwa.

Hizo zote zilikuwa mashine za sebuleni, zinazochomekwa ukutani. Kiganja kilisubiri hadi 2001.

Game Boy Advance ilitoka Machi mwaka huo nchini Japani, na Juni ikafika Marekani. Ndani yake kulikuwa na prosesa ya ARM ya megahezi 16.78, ndugu wa kale wa prosesa zilizomo leo katika simu zetu karibu zote. Kioo kilikuwa cha pikseli 240 kwa 160, hakina taa nyuma, na chakula chake kilikuwa betri mbili za AA. Kumbukumbu iligawanyika: kilobaiti 32 za haraka ndani ya chipu, na kilobaiti 256 za polepole nje yake. Doom ya 1993 ilidai megabaiti 4. Mhandisi aliyepewa kazi hiyo alikuwa na chini ya sehemu moja ya kumi ya nafasi ile.

Kilichomwokoa ni kaseti. Kompyuta ya 1993 ilisoma ramani na michoro kutoka kwenye diski, ikaijaza kumbukumbu yake kwanza ndipo itumie. Game Boy Advance iliweza kusoma moja kwa moja kutoka kwenye kaseti, kana kwamba kaseti ni sehemu ya kumbukumbu, hivyo kuta, milango na picha za mashetani zikabaki humo humo na kilobaiti adimu zikaachiwa vitu vinavyobadilika. Sehemu za programu zinazorudiwa maelfu ya mara kila sekunde, kama ile ya kupaka safu ya ukuta, zilistahili kuhamishiwa ndani ya zile kilobaiti 32. Humo ndimo mhamishaji wa mashine hii alimokuwa akipigania nafasi, baiti kwa baiti.

Kulikuwa na usumbufu mwingine ambao wasiowahi kuiandikia mashine hii hawaujui. Kumbukumbu ya picha haikukubali kuandikiwa baiti moja peke yake. Ukijaribu, thamani hiyo hunakiliwa kwenye pikseli mbili zilizo jirani. Doom huchora kwa safu wima, pikseli moja moja kutoka juu kwenda chini, yaani kwa namna ile ile ambayo mashine inaikataa. Ama uilipe gharama ya kusoma, kuchanganya na kuandika upya kila mara, ama ukubali pikseli mbili mbili zifanane na upana wa picha uwe nusu. Kila aliyeandika gemu la namna hii kwa Game Boy Advance alilazimika kuchagua moja.

Kampuni ya David A. Palmer Productions ndiyo iliyofanya kazi hiyo, Activision ikaisambaza mwishoni mwa 2001. Walianzia toleo la Jaguar, wakarithi ramani zake zilizorahisishwa, na wale mashetani wawili hawakurudi. Rangi ziling'arishwa kwa sababu kioo kisicho na taa kingeyageuza mapango ya Doom kuwa giza tupu. Damu ilipakwa kijani ili gemu liruhusiwe kuuzwa kwa vijana wa umri mdogo zaidi. Hilo la damu wachezaji walilipigia kelele sana. Mimi naona halikuwa na uzito wowote. Jambo kubwa ni kwamba ulipobonyeza kitufe mlango ulifunguka, shetani akakurushia moto, nawe ukaweza kumkwepa kwa wakati. Kisu kilikuwa kimepita kila mahali isipokuwa pale penye uhai.

Mwaka uliofuata Torus Games ya Australia ilileta Doom II kwenye mashine hiyo hiyo kwa injini waliyoiandika wenyewe, wakaleta na Duke Nukem. Naye Linden, yule wa Super Nintendo, aliandika kwa lugha ya mashine jaribio la kuiendesha Quake kwenye Game Boy Advance. Quake ilikuwa na ulimwengu wa pande tatu halisi, mzigo mzito mara nyingi kuliko Doom. Jaribio lilitembea lakini halikuuzwa kamwe, na umma ulikuja kuliona mwaka 2022.

Baada ya hapo kazi hiyo ikasinzia. Mashine za sebuleni zilikimbia mbele kwa kasi ambayo za mkononi hazikuweza kuifuata, na kampuni zikaacha kuhamisha magemu makubwa ya risasi. Badala yake zikatengeneza wadogo zao. Nintendo DS ilikuwa na Metroid Prime Hunters, ambako mchezaji alilenga kwa kalamu kwenye kioo. PSP ilikuwa na kijiti kimoja tu, upungufu uliowatesa watengenezaji wa aina hii ya gemu muda wote wa maisha yake. PlayStation Vita ilipata vijiti viwili, na mwaka 2013 ikapata Killzone: Mercenary, gemu zuri sana lililotengenezwa kwa ajili yake. Hata hivyo hakuna aliyekuwa akichukua gemu jipya la sebuleni, likiwa bado la moto, na kuliweka lote mfukoni.

Doom ya 2016 ilikuwa imejengwa juu ya injini iitwayo id Tech 6. id Software sasa ilikuwa Richardson, bado Texas, chini ya kampuni ya ZeniMax iliyoinunua mwaka 2009, na Carmack alikwisha kuondoka. Kazi ya picha iliongozwa na Tiago Sousa, aliyetoka Crytek ya Ujerumani. Lengo lilikuwa fremu 60 kwa sekunde kwenye konsoli za sebuleni. Maana yake ni kwamba kila picha, pamoja na taa zake zote, vivuli, moshi, cheche na akili za mashetani, iwe tayari kwa muda usiozidi milisekunde 16.7.

Muda huo haukuwekwa kwa fahari. Gemu lenyewe linaudai. Waongozaji wake, Marty Stratton na Hugo Martin, walikataa mtindo uliokuwa umeenea wa kujibanza nyuma ya ukuta na kungoja afya irudi yenyewe. Katika Doom yao afya unaipata kwa kumsogelea adui aliyelegea na kummaliza kwa mikono. Anayesimama anakufa. Mchezaji yuko mbioni daima, anaruka, anageuka nyuzi 180, anabadili silaha akiwa hewani. Gemu la namna hii likichelewa kuitikia vidole, limekwisha, hata liwe zuri kiasi gani machoni.

Sasa tazama mashine iliyopaswa kulibeba. Switch ilitoka tarehe 3 Machi 2017 ikiwa na chipu ya Tegra X1 ya Nvidia. Prosesa yake ina viini vinne vya ARM vinavyokwenda kwa gigahezi moja hivi, na kimoja kati ya hivyo kimewekwa kando kwa shughuli za mfumo. PlayStation 4 ina viini vinane vya gigahezi 1.6. Kumbukumbu ya Switch ni gigabaiti 4 dhidi ya 8, na njia inayopitisha data kati ya kumbukumbu na chipu inabeba gigabaiti 25.6 kwa sekunde, wakati ya PlayStation 4 inabeba 176. Upande wa michoro, Switch ikiwa imechomekwa kwenye televisheni ina zaidi kidogo ya moja ya tano ya nguvu za PlayStation 4. Ikiwa mkononi inapunguza mwendo wa chipu ili kuitunza betri, na nguvu hushuka hata chini ya moja ya tisa.

Watu hupenda kuitazama namba ya mwisho. Aliyewahi kuhangaika na kazi hii anaitazama ile ya njia ya data, kwa sababu kila mwanga, kila kivuli na kila tabaka la moshi hulazimisha picha isomwe na kuandikwa upya mara nyingi kabla haijafika kwenye kioo. Unaweza kuwa na chipu hodari ikakaa inangoja tu data ifike.

Kazi ilikabidhiwa Panic Button, kampuni ya Austin, mwendo wa saa tatu hivi kwa gari kutoka kwa id Software. Haikuwa na jina kubwa kwa wachezaji. Mwezi huo huo wa Novemba 2017, siku nne tu baada ya Doom, ilitoa pia Rocket League kwa Switch. Bethesda, mchapishaji wa Doom, ilikuwa inaleta Skyrim wiki iliyofuata. Ilikuwa zamu ya kuonyesha kama kampuni kubwa za nje zingeweza kuiamini mashine hii.

Uamuzi wa kwanza wa Panic Button ndio ulioamua yote: fremu 30 badala ya 60. Kwa hatua hiyo kila picha ilipata milisekunde 33.3. Ilikuwa dhabihu nzito kwa gemu la kasi kama hili, na wapo ambao hawajaikubali mpaka leo. Lakini fikiria upande wa pili. Viini vitatu vya gigahezi moja vilipaswa kufikiria kwa niaba ya mashetani kumi na zaidi wanaorukaruka kwenye uwanja mmoja. Ukipunguza ubora wa picha hupunguzi fikra zao. Kazi ile haijali kioo kina pikseli ngapi. Ili kubaki kwenye 60 wangelazimika kupunguza mashetani, na ukipunguza mashetani umebadilisha mapigano yenyewe, kwa kuwa kila uwanja wa Doom umepangwa kwa hesabu ya nani anatokea wapi, lini, na ukimwua atakuachia nini. Panic Button walichagua kuuacha uwanja kama ulivyo na kuzikata fremu. Naamini walichagua sawa.

Baada ya hapo zilikuja picha. Kwa bahati njema ya wahamishaji, id Tech 6 ilikwisha kuwa na silaha walizozihitaji. Injini ilijua kushusha idadi ya pikseli papo hapo mapigano yanapozidi na kuirudisha mambo yakitulia. Kwenye konsoli kubwa silaha hiyo haikuhitajika sana hivyo. Kwenye Switch ilifanya kazi bila kupumzika. Upeo wake ni 1280 kwa 720, chini ya nusu ya pikseli za picha ya mistari 1080, na mara nyingi picha ilikuwa chini ya hapo. Vivuli vya vitu visivyosogea vilihifadhiwa na kutumika tena, vikahesabiwa upya vya wanaosogea tu. Taa nazo zilipangwa kwa visehemu vidogo vya nafasi, ili kila pembe ya chumba iulize tu taa zinazoigusa.

Kubwa zaidi ilikuwa namna injini inavyoshika michoro ya kuta, sakafu na miili. Haipakii yote kwenye kumbukumbu. Imeikata vipande vidogo, na inaleta vile tu ambavyo mchezaji anaviona, kwa ukubwa unaolingana na umbali wake. Njia hii ilikuwa imelaumiwa sana tangu id walipoitumia kwenye Rage mwaka 2011, kwa sababu ukigeuka ghafla unauona ukuta ukiwa na ukungu kabla michoro haijafika. Kwa mashine ya gigabaiti 4, lawama ile iligeuka kuwa wokovu. Unatenga chumba kimoja cha kumbukumbu chenye ukubwa usiobadilika, na dunia yote inapita humo kwa zamu. Michoro ya Switch ni hafifu, na ukisogeza uso kwenye ukuta unaona. Lakini katika gemu ambalo kusimama ni kufa, ni nani atakayekaa kuuchunguza ukuta?

Kazi hii ni kama ya fundi cherehani aliyeletewa joho la mtu mzima alipunguze limfae kijana: akikosea mabega, hata kitambaa kiwe cha hariri, vazi litaning'inia. Mabega ya Doom ni mwitikio wa vidole. Ndiyo maana Panic Button walikata kitambaa popote walipoweza: moshi, uwazi wa mbali, ukali wa vivuli, undani wa miale. Waliuacha na kuutegemea ule ukungu wa mwendo unaolainisha picha kila kitu kinapogeuka kwa kasi, na kwenye kioo cha inchi 6.2 ukungu huo unaficha mengi. Kwenye televisheni kubwa hauwezi. Doom ya Switch ikichomekwa sebuleni inaonekana imechujuka, na hakuna haja ya kulifunika hilo. Imetengenezwa kwa ajili ya mkononi.

Kulikuwa na suala la kadi pia. Gemu liliuzwa kwenye kadi ya gigabaiti 16 iliyobeba kisa chote na mtindo wa kushindania alama. Uwanja wa kupambana na wengine mtandaoni ulipaswa kupakuliwa kando, gigabaiti 9 hivi, na aliyenunua gemu lote bila kadi alijaza zaidi ya nusu ya hifadhi ya ndani ya mashine, ambayo ilikuwa gigabaiti 32. Kile chombo cha wachezaji kujitengenezea ramani, SnapMap, kiliachwa kabisa. Kati ya yote yaliyokatwa, hili la SnapMap ndilo ninalolisikitikia, kwa kuwa Doom tangu 1993 imeishi kwa ramani za watu wa kawaida.

Siku ya kutoka gemu halikuwa kamilifu. Mapigano makubwa yaliliangusha chini ya fremu 30, na sauti nayo ilikuwa na dosari zake. Panic Button hawakukusanya vitu vyao na kuondoka. Mapema 2018 walitoa marekebisho, na ndani yake wakaleta kitu ambacho hata PlayStation 4 haikuwa nacho kwa Doom: kulenga kwa kuinamisha mashine yenyewe. Vijiti vya Switch ni vifupi na mwendo wao ni mdogo, hivyo kulenga kichwa cha shetani aliye mbali kulikuwa shida. Kwa kihisi cha mwendo, kijiti kinakufikisha karibu, na kifundo cha mkono kinamalizia. Waliozoea hawataki kurudi nyuma. Mashine dhaifu ikapata njia ya kulenga iliyo bora kuliko ya zile kubwa, na ilipatikana kwa sababu wahamishaji waliitazama mashine waliyo nayo badala ya kuililia wasiyo nayo.

Yaliyofuata yalithibitisha kwamba haikuwa bahati. Tarehe 29 Juni 2018 Panic Button walileta Wolfenstein II, kazi ya MachineGames ya Uppsala nchini Uswidi, juu ya injini ile ile lakini ikiwa na maeneo mapana na taa nzito zaidi. Hapo waliukaribia ukingo: ikiwa mkononi, picha iliweza kushuka mpaka mistari 360, na wapo walioona imepita kiasi. Novemba mwaka huo wakaleta Warframe. Kisha ukaja mtihani mkubwa kuliko yote, Doom Eternal, iliyotoka kwenye mashine nyingine tarehe 20 Machi 2020. Viwanja vyake ni vikubwa zaidi, mashetani ni wengi zaidi, na id walikuwa wameiacha ile njia ya kuleta michoro kwa vipande iliyowaokoa mara ya kwanza. Toleo la Switch lilichelewa zaidi ya miezi minane. Kadi ya dukani ilifutwa, likabaki la kupakuliwa tu. Lilipofika tarehe 8 Desemba 2020, lilitembea kwa uthabiti kuliko Doom ya 2017, kwenye chipu ile ile, bila kupunguziwa shetani hata mmoja.

Tangu Februari 2022 kuna mashine za mkononi kama Steam Deck ya Valve, ambazo ni kompyuta kamili zenye vijiti. Zinaendesha Doom Eternal ya kompyuta kama ilivyo. Mchezaji anapunguza mwenyewe vivuli na michoro mpaka mwendo utengemae. Ni jambo jema kwa mfuko na kwa uhuru wa mchezaji. Lakini kuna tofauti. Anayepunguza kwa vitufe vya mipangilio anachagua kati ya yale aliyoachiwa. Panic Button waliingia ndani ya injini wakajua ni mwale upi ungeweza kufa bila mtu kuukosa.

Nimezicheza Doom hizi za mkononi, ya kijani na ya nyekundu, na hukumu yangu ni hii. Ya 2001 ilikuwa ushindi wa uvumilivu dhidi ya kilobaiti. Ya 2017 ni kubwa zaidi, kwa kuwa haikuomba usamehewe: mtu aliyeanzia kwenye Switch ameicheza Doom, si kivuli chake, na anaweza kubishana na mwenye PlayStation 4 juu ya kila uwanja. Wakosoaji wa magemu, wakiwemo wanaoandika kwa Kiswahili na kurekodi video zao kwa Kiswahili, wakati mwingi hutaja kampuni iliyobuni na kampuni iliyochapisha, kisha hunyamaza. Watutajie na waliohamisha. Majina yao yamo kwenye orodha ya mwisho ya gemu, na hayachukui hata dakika mbili kuyasoma.